Carter Family: ndoa ilivunjika, kazi ikaendelea

Wacha nianze na jambo ambalo likitokea kwa bendi yoyote ya huku kwetu tungekuwa tumeshaizika na matanga tumemaliza. Mwaka wa 1933 Sara Carter, yule mama mwenye sauti nzito aliyekuwa anaongoza nyimbo za Carter Family, kundi la muziki wa kantri la Marekani, alichoka na ndoa, akatoka nyumbani kwa mumewe A.P. Carter kule Poor Valley, Virginia, akavuka mlima Clinch akarudi Copper Creek kwa watu waliomlea. Watoto watatu wakabaki na baba yao. Sasa kumbuka A.P. ndo alikuwa mwenye kundi, na mtu wa tatu alikuwa Maybelle, ambaye ni binamu yake Sara na tena ameolewa na Eck, ndugu yake A.P. Yaani humo ndani kila mtu ni mke, shemeji au binamu ya mwenzake, ukigusa mmoja umegusa wote. Kundi likafanyaje? Likaendelea kurekodi. Miaka minane mingine. Talaka ya mahakamani ikatoka 1936 na bado hao wawili walikuwa wanasimama mbele ya maikrofoni moja wanaimba nyimbo za watu walioachwa, utadhani hakuna lililotokea.

Ile hadithi inayouzwa kila siku kuhusu muziki wa kantri mnaijua: baba, mama na watoto wamekaa kibarazani, Biblia mezani, gitaa pajani, upendo tele, na ndiyo sababu makundi ya kifamilia yanadumu. Mi naona kwa Carter Family hadithi hiyo haishiki. Hawa walidumu kwa sababu kundi lao lilikuwa kama shamba la ukoo. Ndugu wanaweza kununiana miaka kumi, hata msibani wanakaa pande tofauti za turubai, lakini mvua ikianza kila mtu anachukua jembe anaenda, kwa sababu shamba ndilo linalowalisha na mpaka kila mmoja anaujua. Upendo ulikuwepo, sikatai, ila sio upendo uliokuwa unawaita studio.

Na shamba sijalichomoa hewani tu. Mwanzo wenyewe ulikuwa wa shamba. Julai 1927 prodyuza Ralph Peer wa kampuni ya Victor aliingia mji wa Bristol, ule ambao barabara yake kuu ndiyo mpaka wa Tennessee na Virginia, akafunga mitambo yake kwenye ghorofa ya ghala la kofia akawa anatafuta waimbaji wa milimani. A.P. akasikia. Gari hana, ikabidi amwombe ndugu yake Eck, na Eck alikuwa na wasiwasi maana mkewe Maybelle ana miaka 18 na mimba kubwa, na safari ni kama kilomita 40 za njia mbovu. A.P. akamwahidi atampalilia mahindi. Basi gari likatoka kwa gharama ya palizi! Ndani ya gari A.P., Sara na kichanga anayenyonya, binti yao mkubwa wa kumwangalia mtoto, Maybelle na mimba yake na gitaa. Kwa siku mbili, tarehe 1 na 2 Agosti, wakarekodi nyimbo sita, na malipo yalikuwa dola 50 kila wimbo. Kwa mtu wa Poor Valley, bonde ambalo jina lake tu linakwambia hali yake, hiyo ilikuwa pesa ya kukufanya ukae ukapige hesabu upya kuhusu maisha.

Sasa kuna kitu kwenye hizo siku mbili ambacho mi kila nikikifikiria nacheka. Siku ya pili A.P. hasikiki kabisa. Waliorekodi ni Sara na Maybelle tu, na kati ya nyimbo za siku hiyo ni "Single Girl, Married Girl", wimbo wa kulinganisha msichana asiyeolewa anayevaa vizuri na kwenda anakotaka, na mke wa mtu anayebembeleza watoto. Sara hakuupenda, hakutaka kuuimba, Peer ndo aliyesisitiza. Santuri ilipotoka watu wakaununua sana. Kwa hiyo wimbo mmoja kati ya zile za kwanza zilizowafungulia njia uliimbwa na mke wa mtu, mama wa watoto watatu, bila mume chumbani, kuhusu taabu ya kuwa mke wa mtu. Miaka sita baadaye akaondoka kweli. Sisemi wimbo ulimtuma, nasema tu kwamba aliyeskiza vizuri hakuwa na haki ya kushangaa.

A.P. mwenyewe alikuwa mtu wa ajabu kidogo. Kwenye rekodi nyingi utamsikia anaingia kwenye kiitikio na sauti yake ya chini, halafu anapotea, halafu anarudi katikati ya mstari, kama mtu anayepita sebuleni mkiwa mnaimba. Kuna nyimbo hayupo kabisa. Watu wengine husema hivyo ni ushahidi kwamba alikuwa mzigo, mimi hapo siwafuati, maana kazi yake haikuwa kwenye maikrofoni. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyimbo. Alikuwa anazunguka milimani nyumba kwa nyumba, anakaa na mabibi na wachimba makaa, anaandika maneno ya nyimbo za zamani zilizobaki nusunusu, anazirudisha nyumbani, Sara na Maybelle wanazipa umbo. Bila huo mzururo wangekuwa na nyimbo kumi na tano wakaisha. Walirekodi karibu 300 kati ya 1927 na 1941. Mtu mmoja hatungi 300 za kiwango hicho, zinaokotwa.

Na hapa ndipo biashara inapoingia, na pia mahali ambapo mi nina kinyongo nao. Peer alikuwa mjanja, alielewa kabla ya wengi kwamba pesa haiko kwenye santuri peke yake bali kwenye hakimiliki ya wimbo, kwa hiyo alitaka waimbaji wamletee nyimbo ambazo hazijaandikishwa na mtu. A.P. akamletea. Nyimbo za mababu, za kanisani, za vibarua wa reli, zikaandikishwa kwa jina la A.P. Carter, na mrabaha ukawa unagawanywa kwake na kwa kampuni ya Peer. Lakini A.P. kushika tuni kichwani ilikuwa shida, kwa hiyo kuanzia 1928 hivi alikuwa anasafiri na Lesley Riddle, jamaa mweusi mpiga gitaa aliyekuwa anaishi Kingsport, Tennessee, aliyepoteza mguu kwenye ajali ya kiwanda cha saruji na vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye ajali ya bunduki. A.P. anaandika maneno, Riddle anashika tuni kichwani, wakifika nyumbani anampigia Maybelle. Fikiria hiyo safari, Kusini ya ubaguzi, mzungu na mweusi kwenye gari moja, mmoja akiwa na karatasi na mwingine akiwa ndiyo kinasa sauti. Nyimbo kadhaa walizichukua kwake moja kwa moja. Jina lake kwenye santuri? Hakuna. Ilibidi Maybelle mwenyewe, baada ya miaka mingi, amtaje kwa mtafiti Mike Seeger ndipo akatafutwa na kupatikana 1965, akiwa anaishi Rochester, New York. Shamba la ukoo ndivyo lilivyo, kibarua hata akilima zaidi ya wenye shamba, kwenye hati hayumo.

Nikija kwa Maybelle naomba mnivumilie, hapa nitakaa. Alikuwa na gitaa aina ya Gibson L-5 lililonunuliwa kwa dola 275, na hizo zilikuwa pesa nyingi sana, ni zaidi ya nyimbo tano za Bristol. Upigaji wake ndo uliobadilisha kila kitu. Wale mliokua na gitaa kavu la huku, George Mukabi wa Kisa, Mwenda Jean Bosco wa Katanga, mnajua dole gumba linashika besi huku kidole cha shahada kinaimba juu. Maybelle aligeuza. Gumba lake ndilo lililokuwa linaimba tuni kwenye nyuzi nene za chini, na kidole kinapapasa nyuzi nyembamba kutoa rithim, chaki-chaki, yote kwa mkono mmoja. Kabla yake gitaa kwenye muziki wa milimani lilikuwa linasindikiza tu, fidla na banjo ndo mabosi. Yeye akalifanya liongee. Jaribu kusikiliza "Wildwood Flower" ya 1928 na sikio moja tu liwe kwa zile nyuzi nene, utasikia wimbo wote uko pale hata Sara akinyamaza. Hii ilikuwa bima ya kundi, ndivyo ninavyoona mimi. Sauti inazeeka, ndoa zinavunjika, wenye nyimbo wanakufa, lakini mkono wa mtu anayejua gitaa kiasi hicho unaweza kulisha nyumba miaka hamsini. Na ulilisha.

Turudi kwa ile talaka. Baada ya Sara kuondoka, mkewe Peer alimwandikia barua kumshawishi asiache kazi hata kama ameacha nyumba. Na akasikia. Akawa anatoka Copper Creek anakuja mazoezi, wanasafiri New York, wanarekodi, kila mtu anarudi kwake. Ule wimbo wao wa mazishi ya mama, "Can the Circle Be Unbroken", ambao makanisa mengi duniani yanauimba mpaka leo bila kujua umepitia kwa nani, waliurekodi 1935, yaani ndoa ikiwa imekufa lakini haijazikwa. Sauti zimepangana vilevile.

Halafu ikaja redio, na hii sehemu ni kama ya kutungwa. Mwaka 1938 walipata mkataba na stesheni ya XERA, iliyokuwa upande wa Mexico, Villa Acuña, ng'ambo ya mto kutoka Del Rio, Texas. Mwenyewe alikuwa John R. Brinkley, yule aliyejipatia utajiri Kansas kwa kupandikiza wanaume tezi za mbuzi ati warudishe nguvu. Wakubwa wa redio Marekani walimnyima leseni, naye akavuka mpaka akajenga mtambo wa wati 500,000 wakati karibu stesheni zote kubwa za Marekani mwisho wao ulikuwa 50,000. Ilikuwa inasikika mpaka Kanada. Kati ya matangazo ya dawa na rangi ya nywele, Carter Family wanaimba, na huko Dyess, Arkansas, mtoto wa wakulima wa pamba anayeitwa Johnny Cash anawasikiliza. Kumbuka hilo jina.

Hapo XERA ndipo walipoanza kuingiza watoto: Janette binti wa Sara na A.P., na mabinti wa Maybelle, Helen, June na Anita. Watu huliona hilo kama jambo tamu la familia. Mi naliona kama mzee anayeanza kuwaonyesha watoto mipaka ya shamba kabla hajachelewa. Na kulikuwa na sababu, maana Februari 1939 Sara aliolewa tena, na aliyemuoa ni Coy Bayes, binamu yake A.P.! Yule ambaye mapenzi yao ndo yalikuwa yameleta shida kule bondeni mpaka familia ya Coy ikahamia California. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja Sara alimtumia Coy wimbo kupitia hiyo XERA, mume wa zamani akiwa palepale studio, na Coy huko California akausikia akaja. Wati 500,000 za daktari wa mbuzi zikawa barua ya mapenzi. Na bado baada ya harusi, shoo iliendelea, A.P. ndani. Kama kuna mtu bado anaamini kilichowashika ni upendo wa ndoa basi anieleze huo mwaka wa 1939 vizuri.

XERA ikafungwa na serikali ya Mexico 1941, Oktoba mwaka huo wakarekodi mara ya mwisho kama watatu, jarida la Life likatuma mpiga picha bondeni kwao, halafu Desemba Pearl Harbor ikapigwa na habari yao ikawekwa kando. Wakafanya redio Charlotte hadi 1943. Mkataba ukaisha, Sara akarudi California kwa mumewe, A.P. akarudi Poor Valley akafungua duka. Miaka kumi na sita. Bendi nyingi zingeishia hapo na tungesema zimejitahidi.

Ila Maybelle hakuwa na mpango wa kuacha. Mwaka uleule akawachukua mabinti watatu akaanza upya Richmond, Virginia kwa jina la Mother Maybelle and the Carter Sisters, Eck akiwa meneja. Richmond, Knoxville, Springfield huko Missouri, kila mahali redio alfajiri na shoo usiku, mama anaendesha gari mwenyewe. Knoxville wakamwokota kijana mpiga gitaa mwenye haya, Chet Atkins. Grand Ole Opry, shoo kubwa ya redio ya kantri ya Nashville, ilipowaita wao na kuonyesha haimtaki Chet, Eck akakataa kwenda bila yeye. Walingoja mpaka 1950 wakaingia wote, na huyo kijana akaja kuwa mmoja wa watu wazito kabisa Nashville. Hapo utaona ukoo ule ulijua pia kumkaribisha mgeni, ingawa Riddle angekuwa na la kusema kuhusu ni mgeni gani anayekaribishwa mlango wa mbele.

Sio kwamba ilikuwa raha. Mwishoni mwa miaka ya 50 rock and roll ilipofagia kila kitu, Maybelle, yule aliyewafundisha nusu ya wapiga gitaa wa Marekani bila kukutana nao, alikuwa anafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa usiku Nashville ili bili zilipwe. Mchana gitaa, usiku wagonjwa. Hii sehemu kwenye sherehe za kumbukumbu huwa inarukwa haraka haraka, sijui wanaona aibu gani.

A.P. alifariki Novemba 1960, akiwa mwenye duka bondeni ambaye wengi walikuwa wamemsahau. Na sasa angalia kilichofuata, kwangu mimi ndo kitovu cha yote: Maybelle na mabinti wakalirudisha jina la The Carter Family. Wakati mzee yuko hai walikuwa Mother Maybelle na mabinti zake. Alipokufa jina likahamia kwao. Ni urithi ule, wala haukuhitaji kikao. Linganisha na ndugu Kinyonga kutoka Tanga na Simba Wanyika yao huku Nairobi, ambapo wapigaji walipojitoa 1978 waliondoka na nusu ya jina wakaitwa Les Wanyika, na tukabishana miaka kuhusu nani Wanyika halisi. Kwa kina Carter mwenye kubaki kazini ndiye aliyepata jina, basi.

Miaka ya 60 June akaingia kwenye shoo ya yule mtoto wa pamba wa Arkansas, sasa akiwa Johnny Cash mwenyewe, na baadaye mama na dada wakafuata. June na Merle Kilgore waliandika "Ring of Fire", Anita akaurekodi kwanza, Cash akaurudia 1963 na tarumbeta zake ukalipuka. Machi 1968 wakaoana. Kundi ambalo ndoa ililivunja nusu miaka ya 30 likapata maisha mengine kwa ndoa, na kati ya 1969 na 1971 likawa kwenye televisheni ya taifa ndani ya shoo ya Cash. Mwaka wa 1970 likaingizwa Country Music Hall of Fame, kundi la kwanza kabisa kupewa heshima hiyo. Mwaka uliofuata vijana wenye nywele ndefu wa Nitty Gritty Dirt Band walimpeleka Maybelle studio Nashville akaketi nao kama bibi na wajukuu, na kiitikio cha ule wimbo wa 1935 ndicho kikaipa albamu jina.

Kabla sijasahau, kuna uzi mmoja unaofika mpaka huku. Siku mbili tu baada ya kina Carter kumaliza Bristol, aliingia kwenye ghala lilelile Jimmie Rodgers, mwimbaji mwingine wa kantri, na santuri zake zikafika mpaka kwa Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa anarekodi muziki wa Afrika, akipita Kapkatet na mashine zake akawakuta wasichana wana wimbo wa Chemirocha, ndiyo Jimmie Rodgers hiyo kwa matamshi ya kwao, kiumbe nusu mtu nusu swala. Mzee wangu, shabiki wa mwimbaji wa kantri Jim Reeves, Jumapili mchana usimguse redio, alikuwa anasema muziki huu ni wetu, sisi tuliukuta tu ukiwa kwa wazungu, na nilikuwa namcheka. Rodgers aliimba peke yake, akafa kwa kifua kikuu 1933, na huku akageuka jini wa hadithi. Kina Carter hakuna aliyewageuza kiumbe, walikuwa wako kazini tu.

Maybelle alifariki Oktoba 1978. Sara, ambaye alikuwa amestaafu California na kutoka mara moja moja tu, kama alivyotoka 1967 kuimba na Maybelle kwenye tamasha la Newport, akamfuata Januari 1979, hata miezi mitatu haikupita. Janette, yule mtoto wa XERA, alikuwa amemwahidi baba yake kwamba muziki hautakufa, na tangu 1974 alikuwa anafanya shoo za Jumamosi kwenye duka lile la A.P., na zilipozidi watu wakajenga ukumbi ubavuni, Carter Fold. Vyombo vya umeme marufuku, ila kwa shemeji Cash walilegeza. Hapo ndipo Cash alipoimba mbele ya watu kwa mara ya mwisho, Julai 2003, June akiwa amezikwa Mei.

Sara hakuzikwa California. Alirudishwa Poor Valley, makaburi ya kanisa la Mount Vernon, palepale alipo A.P., mwanaume aliyemwacha miaka 46 kabla. Mawe yao yana mchoro mmoja, sahani ya santuri, na jina la wimbo uleule, "Keep on the Sunny Side", waliorekodi pamoja Camden, New Jersey, mwaka wa 1928.